Nikivaa mkono wa bandia najikwaa, nikiuvua naonekana sina shukrani

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 36, naishi kijiji kimoja cha milimani wilayani Lushoto. Naomba usitaje jina langu wala la kijiji, maana ndugu zangu na wakwe zangu wote wanasoma safu yako.

Mwaka juzi mashine ya kukatia majani ya ng'ombe ilininasa mkono wa kushoto. Madaktari walijitahidi, lakini ikabidi wakate juu ya kiwiko. Sitakuchosha na habari za siku zile. Kidonda kilipona, nikajifunza upya kufua, kufunga kanga, kumenya viazi kwa kuvichomeka kwenye ubao wenye misumari. Mume wangu ni dereva wa lori, mara nyingi yuko safarini, lakini hajawahi kunitolea neno baya. Biashara yangu ya mboga nimeirudia. Kwa hayo namshukuru Mungu.

Kilichonileta kwako ni kutembea. Miguu yangu yote miwili ni mizima, ndiyo maana nilichelewa kumwambia mtu. Tangu nikatwe mkono sitembei nilivyokuwa nikitembea. Mwanzoni, kabla ya kupata mkono wa bandia, bega la kushoto lilianza kupanda juu, nikawa navutwa upande mmoja, na jioni kiuno kinauma hata siku ambayo sikushika jembe. Mama yangu mzazi alinitazama nikipanda mlima akasema, "Mwanangu, mbona unatembea kiubavu?"

Kaka yangu mkubwa anaishi Dar es Salaam. Alifungua kundi la WhatsApp la ukoo, akachangisha. Shangazi, watu walijinyima. Binamu yangu mmoja aliuza mbuzi. Nikapelekwa mjini kwenye kituo kimoja, nikapimwa, nikatengenezewa mkono. Ni mzuri kwa kuutazama. Rangi yake inakaribiana na ya ngozi yangu, una vidole, una kiwiko chenye loki ninayoifunga na kuifungua kwa mkono wa kulia. Unashikiliwa na mikanda inayopita mgongoni na kuzunguka kwapa la kulia. Siku ya kuuchukua nilitembea kwenye korido ya kituoni, sakafu ya vigae, mtaalamu akaridhika, kaka akanipiga picha, tukaondoka.

Huku kwetu hakuna korido. Kutoka nyumbani nashuka bondeni, navuka kijito, kisha napanda hadi barabarani kuelekea gulioni. Ni mwendo wa kama saa nzima, njia ni ya udongo mwekundu, na mvua ikinyesha inateleza mno. Tenga liko kichwani, mkono wa kulia umelishika. Loki nikiiacha wazi, mkono wa bandia unaning'inia na kunigonga pajani, na kwenye mteremko unakwenda unakotaka wenyewe. Nikiifunga, umekunjwa tumboni, bega linavutwa mbele, hatua zinakuwa fupi. Siku moja ya mvua, nikiwa na karoti kichwani, mguu wa kushoto uliteleza. Akili ikautuma mkono wa kushoto unishike. Ukabaki pale pale umekunjwa. Niliangukia ubavu, karoti zote zikaenda kijitoni. Nilipoinuka kitu cha kwanza nilichokagua ni mkono wa kulia, kama umevunjika. Kila nikikumbuka hofu ya wakati ule natetemeka hadi leo.

Tangu siku ile, Shangazi, natoka nyumbani nimeuvaa, nikifika kwa rafiki yangu mwenye genge kule chini nauvua, nauweka kwenye mfuko. Gulioni nauvaa tena, maana pale unanifaa kweli: nabana nao gunia nikifunga kamba, natundika mfuko wa mteja nikimrudishia chenji. Jioni nauvua, na kabla ya kufika nyumbani nauvaa. Binti yangu wa darasa la tano hunisindikiza siku za Jumamosi, ndiye anayebeba mfuko. Mama mkwe akimuuliza, anajibu, "Mama aliuvaa njia nzima." Sikumfundisha kusema hivyo. Alijiona tu kwamba ndivyo inavyotakiwa.

Ningekuwa na raha nikiuvua ningesema basi. Lakini hata bila huo mkono nimeshaanguka, na bega linapanda, na kiuno kinarudi kuuma. Nikiuvaa kutwa nzima, jioni vidole vya mkono wa kulia vinakufa ganzi kidogo, ila nadhani ni uchovu. Na kuna jambo jingine ambalo sijamwambia hata mume wangu: nikitembea bila mkono wa bandia, nauhisi ule mkono wangu wa zamani ukienda mbele na nyuma kwa hatua zangu. Naogopa nikisema wataanza kunipeleka kwa waganga.

Kaka kila wiki ananiandikia, "Tuma picha umeuvaa, watu waone mchango wao." Kwenye kikao cha ukoo alisema, "Tulichanga ili dada yetu atembee kama watu." Mama mkwe naye hataki nionekane barabarani bila mkono, anasema watu watadhani tumekutelekeza. Wote wananiambia ni kuzoea tu.

Je, ni mimi nisiyejua kuuvaa? Nijilazimishe? Au nimwambie kaka kwamba kitu walichonichangia kinaniangusha?

Mwenye mkono mmoja, Lushoto

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa yaliyokupata, na pole kwa siri unayopanda na kushuka nayo mlima.

Naanza na jambo uliloliandika kwa sentensi moja na kulipita: vidole vya mkono wa kulia kufa ganzi jioni. Hilo limenishtua kuliko hata kuanguka kwako. Mkanda unaozunguka kwapa la kulia unakaa karibu na mishipa ya fahamu inayoshuka mkononi. Ukibana sana, au ukibana saa nyingi mfululizo, vidole hupata ganzi. Huenda ni uchovu kama unavyosema, lakini huo ndio mkono pekee ulio nao, na katika jambo hili sipendi mtu yeyote akuambie uzoee. Ganzi ikianza, legeza mikanda au uvue. Kisha mweleze mtaalamu wa viungo bandia mapema, usisubiri siku ya miadi. Ikiwa ganzi inabaki hata baada ya kuvua, au mkono unapoteza nguvu, nenda hospitali ukaonwe na daktari.

Sasa nirudie nilivyokuelewa. Una mkono wa bandia unaokusaidia gulioni na kukusumbua njiani. Ukiuvaa unajikwaa, ukiuvua mwili unaegemea upande na kiuno kinauma. Juu ya hayo yote kuna deni la shukrani, na deni hilo limekufanya uanze kuvaa kwa ajili ya macho ya watu. Nadhani umeniuliza maswali mawili yaliyofungwa kwenye furushi moja, la mwili na la ndugu. Nitayafungua kila moja kivyake, maana nahisi moja linalificha jingine.

Hujakosea unaposema kutembea kumebadilika ingawa miguu ni mizima. Watu wengi hudhani kutembea ni kazi ya miguu peke yake. Mguu wa kulia unapokwenda mbele, mkono wa kushoto huenda nao, na wa kulia hurudi nyuma. Nyonga zinazunguka huku, mabega kule, na mikono inazuia kiwiliwili kisijisokote kila hatua. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani, Steven Collins, Peter Adamczyk na Arthur Kuo, waliwapima watu wazima wenye afya wakitembea. Waliozuia mikono yao isibembee walitumia nguvu zaidi kwa takriban asilimia 12. Walioirusha kinyume, yaani mkono na mguu wa upande mmoja kwenda pamoja, walitumia asilimia 26 zaidi. Na waligundua kwamba kuibembeza mikono hakudai kazi kubwa ya bega, kwa sehemu kubwa inajiendea yenyewe na mwendo. Hao walikuwa na mikono yote miwili, kwa hiyo takwimu zao usizichukue kama zako. Ninachotaka uone ni kwamba uchovu wako una sababu.

Halafu kuna uzito. Mkono mzima wa binadamu ni kama asilimia 5 ya uzito wa mwili. Kwa mwanamke wa kilo 60 ni kilo 3 hivi, na wewe sehemu kubwa ya hizo imeondoka upande mmoja tu. Bega la kushoto halina kinacholivuta chini, linapanda. Uti wa mgongo unatafuta namna ya kulingana. Misuli ya kiuno inafanya kazi ya ziada kutwa nzima. Ni mizani ya gulioni iliyoondolewa jiwe upande mmoja. Mama yako aliposema unatembea kiubavu alikuwa anaona jambo la kweli.

Mtu angetegemea basi kwamba ukirudisha mkono wa bandia, hata mwepesi, mizani inalingana. Kwa baadhi ya watu inasaidia. Lakini mkono wa kuzaliwa umeshikwa na mfupa na misuli, huu umeshikwa na soketi, yaani kile kikombe kinachovalishwa kigutu, juu ya ngozi laini na mikanda mgongoni, ndiyo maana watu wengi huuona mzito kuliko ulivyo kwenye mizani halisi. Haukupi taarifa yoyote ya ulipo. Na haukuitikii ukiteleza. Hapo ndipo penye hatari. Watafiti wa Uholanzi walionyesha mwaka 2010 kwamba mtu anayetembea sawasawa bila kubembeza mikono si lazima awe hatarini zaidi. Tofauti inaonekana anaposukumwa au kuyumba, hapo mikono inahitajika ili mwili urudi mahali pake. Wewe umelieleza hilo bila kusoma utafiti wowote: akili iliutuma mkono, ukabaki pale pale.

Hauko peke yako pia. Mwaka 2019 ulitoka Chicago utafiti wa watu waliopoteza mkono au sehemu ya mkono. Karibu nusu yao walisema walianguka angalau mara moja katika mwaka uliotangulia, na zaidi ya robo walianguka mara mbili au zaidi. Wanaovaa mkono wa bandia ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuanguka. Usiichukue habari hiyo kama ushahidi kwamba mkono wa bandia unaangusha watu. Yalikuwa ni majibu ya maswali, na inawezekana wanaouvaa ndio wanaotoka na kufanya kazi nyingi zaidi. Lakini inatosha kumjibu anayesema tatizo ni wewe hutaki kuzoea.

Kuhusu mkono wa zamani unaouhisi ukibembea: usiogope. Ubongo bado una ramani ya mkono ule, na unapotembea unaendelea kuutumia ujumbe. Silas Weir Mitchell, daktari aliyewatibu majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, aliandika kuhusu hisia hizi mwaka 1871, na watu wengi sana waliokatwa viungo wanazo. Mwambie mume wako. Kwa unavyomweleza, naona atasikiliza. Zikiwa na maumivu makali, mwambie daktari, kuna tiba.

Sasa niruhusu nikuulize, mwanangu, kwa upole. Una uhakika gani kwamba kinachokuangusha ni mkono wa bandia?

Nimesoma barua yako mara kadhaa nikiutazama mkono wa kulia. Uko juu, umeshika tenga. Kwa hiyo njiani huna mkono mmoja unaobembea, huna hata mmoja. Wa kushoto ni wa bandia au haupo, wa kulia una kazi. Ukiteleza, hakuna wa kukurudisha. Na kuna jambo jingine: mikanda ya mkono wako inazunguka bega la kulia. Unapouinua mkono wa kulia juu, mikanda inavutika, na mkono wa bandia unavutika pamoja nayo. Kule kwenye korido ulipimwa mkono wa kulia ukiwa chini, huna mzigo, sakafu ni tambarare. Hakuna aliyeuona mkono huu ukifanya kazi uliyonunuliwa kuifanya.

Sisemi kwamba kubeba kichwani ni kosa. Mwaka 1986 watafiti waliofanya kazi Kenya waliwapima wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu waliozoea kubeba mizigo, wakakuta wanaweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili bila kutumia nguvu zaidi ya yule asiyebeba kitu. Kwa mwanamke wa kilo 60 hizo ni kilo 12. Mama zetu walijua walichokifanya. Swali langu ni kuhusu mkono ulioshika, na kuhusu kilo ngapi ziko kwenye tenga lako siku za gulio. Je, mzigo ungekaa kwenye ngata nzuri bila kushikwa, angalau mahali pa tambarare? Je, nusu ingeweza kwenda mgongoni kwenye begi la mikanda miwili, ili mkono wa kulia uwe huru kubembea, au ushike fimbo kwenye mteremko? Bodaboda siku za mvua ingekula faida yako yote, au sehemu tu? Wewe ndiye unayejua hesabu za karoti, mimi najua kuuliza tu. Na viatu unavyovaa kwenye udongo ule ni vipi? Hukunitajia.

Jaribu pia kutembea njia ile ile siku kavu, bila mzigo, mara moja umevaa na mara nyingine hujavaa, binti yako au rafiki yako wa genge akikutazama kwa nyuma. Atakuambia bega linapanda lini na hatua zinafupika wapi. Ukienda kwa mtaalamu na maelezo hayo, atakuwa na pa kuanzia.

Na kuhusu huyo mtaalamu. Ndugu wengi hudhani mkono wa bandia ni kama kiatu, ukishanunuliwa umenunuliwa. Sivyo. Hurekebishwa mara nyingi, hasa miaka ya mwanzo, kwa sababu kigutu chenyewe hubadilika ukubwa. Mkanda unaweza kuhamishwa au kubadilishwa mtindo. Kiwiko kinaweza kukazwa kidogo kisining'inie hovyo, ili ukiacha loki wazi kibembee na hatua bila kukugonga. Uzito unaweza kupunguzwa. Kuna na mafunzo ya mwendo: kujifunza kuanzisha mzunguko kutoka begani na kifuani ili mkono ufuate, kuimarisha misuli ya mgongo na ya bapa la bega, kujizoeza kuyumba na kurudi ukiwa mahali salama kwenye majani au godoro. Hayo ni kazi ya mtaalamu wa fiziotherapia. Barua yako haisemi popote kwamba uliwahi kumwona mmoja baada ya kupewa mkono. Kama hukumwona, basi ulipewa kifaa bila kufundishwa kukitembelea, na jibu la swali lako la kwanza lingeanzia hapo. Waulize hospitali ya wilaya wakuelekeze. Kutoka kwenu hadi Moshi ni basi kupitia Mombo na Same, na pale kando ya hospitali ya KCMC kuna TATCOT, chuo kilichoanza mwaka 1981 kinachofundisha mafundi sanifu wa viungo bandia kutoka nchi nyingi za Afrika. Ukifika kwa mtaalamu yeyote, usivue ngata. Mwombe akuone ukiwa na mzigo kichwani, mkono wa kulia juu, kwenye ngazi au mteremko.

Njia hii ina gharama zake. Nauli, siku za gulio zitakazopotea, pengine kulala huko. Na baada ya yote inawezekana mkono ukaboreka kidogo tu.

Njia nyingine ni hii unayoifanya sasa, ila bila kujificha: kutembea bila mkono, kuuvaa gulioni. Watu wengi huutumia mkono wa bandia hivyo, kwa kazi fulani na si kwa kutwa. Faida yake unaijua. Hatari yake ni bega na kiuno, ambavyo vitahitaji mazoezi ya kudumu, na kuanguka bado kupo, umesema mwenyewe. Tena mkono wa kulia utaendelea kubeba kila kitu, na kwa miaka hilo huchosha bega na shingo.

Kuuacha kabisa pia ni njia, na wapo walioichagua wakaishi vizuri. Mapitio ya tafiti za miaka 25 yaliyotolewa Toronto mwaka 2007 yalionyesha kwamba kati ya watu wazima waliopewa mikono ya bandia, takriban mmoja katika kila wanne aliuacha. Hao hawakuwa watu wasio na shukrani. Lakini wewe umeniambia gulioni unakufaa kweli, kwa hiyo sijui kama moyo wako uko huko, au ni uchovu wa kuficha ndio unaokusukuma huko.

Au uendelee kuuvaa njia nzima na kuvumilia, kama wanavyokuambia. Hapo nitakuachia picha ile uliyonipa mwenyewe: umeinuka kutoka kwenye tope, unakagua mkono wa kulia kama umevunjika. Wote wanaokushauri uzoee wanapaswa kuijua picha hiyo kabla ya kutoa ushauri, na sidhani kama kuna aliyeambiwa.

Ndiyo maana nakuja kwa kaka yako. Alisema walichanga ili utembee kama watu. Nimejiuliza angesema nini kama angejua kwamba unaogopa kutembea. Mtu aliyemchangisha binamu hadi akauza mbuzi, sidhani alichotaka ni picha. Nadhani picha ndiyo njia pekee aliyonayo, yeye yuko Dar es Salaam, ya kujua kama uko salama. Inawezekana nakosea, wewe ndiye unayemjua. Wapo kaka ambao wangesikia maneno "mkono unaniangusha" wakasikia "mchango wenu umepotea". Ukihofia hivyo, anza na lile lililo jema na la kweli: mwambie unavyobana gunia nao, unavyotundika mfuko wa mteja. Mtumie picha ya gulioni, maana pale unauvaa bila uongo wowote. Kisha mweleze njia, tenga, na siku ya karoti. Unaweza kumwomba aje, atembee nawe kutoka nyumbani hadi kijitoni siku moja ya mvua. Pengine yeye ndiye atakayesema turudi kwa mtaalamu. Pengine atanuna wiki mbili. Mume wako akiwa nyumbani, angeweza kuwa wa kwanza kuambiwa, ili usisimame peke yako mbele ya ukoo.

Mama mkwe ana hofu yake: watu watasema hamkujali. Usimdharau kwa hilo, mama, kijijini maneno ya watu yana uzito. Ila amekuona umeuvaa mlangoni tu, hajakuona bondeni. Angefuatana nawe gulioni mara moja, sidhani kama angeulizia tena mkono kwa namna ile ile. Na kama angeulizia, angalau mngekuwa mnazungumza juu ya jambo moja.

Katika yote, aliyenigusa zaidi ni binti. Hakuna aliyemfundisha kusema "mama aliuvaa njia nzima", na amelisema kwa kukupenda. Hatahitaji maelezo marefu. Anaweza kuambiwa tu kwamba mkono ni wa kazi fulani, si wa kila njia, na kwamba bibi akiuliza anaruhusiwa kumjibu, "Muulize mama." Hilo unaweza kulifanya kabla hujaamua lolote kuhusu kaka, kuhusu Moshi, au kuhusu mkono wenyewe.

Niandikie tena ukishaonana na mtaalamu. Nitaanza kuuliza habari za vidole.

Shangazi yako